Kibuyu Chenye Tundu (Sehemu ya 7)

Leo siongelei uji wala chanjo, leo nakupa historia. Isome yote, maana kuna usiku utaihitaji.

Sisi manesi tuna maneno yetu: "upungufu wa maji mwilini." Tunayasema harakaharaka, mama anaitikia "sawa nesi", anaondoka. Akifika nyumbani mtoto anaharisha tena, naye anawaza: nikimpa maji si ndiyo namzidishia? Anamnyima. Na usimcheke! Anachokiona ni kwamba kinachoingia juu kinatokea chini. Nchi nyingi duniani akina mama wamewaza hivyohivyo, na watoto wamekauka huku maji yapo mtungini.

Dawa yenyewe ilishajulikana. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikaingia kambini. Pale Bangaon dripu zilipokwisha, Dk. Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, ndugu zao wenyewe wakishika vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwa maji ya kunywa tu, jamani.

Sasa utamweleza vipi mama ambaye hajakaa darasani?

Huko Mexico, milimani Sinaloa, kijiji cha Ajoya, kulikuwa na mradi wa afya ulioendeshwa na wanakijiji, uliitwa Piaxtla. David Werner, Mmarekani aliyesomea biolojia wala si daktari, alifanya kazi nao. Kitabu alichotoa na Bill Bower mwaka 1982 kinaeleza mchezo wa kibuyu, na mimi naupenda kuliko mabango yote niliyowahi kubandika ukutani.

Unachukua kibuyu, unakikata juu, unakichora uso. Chini unatoboa tundu na kuliziba kwa kizibo. Unajaza maji, kisha juu unatandaza kitambaa chepesi kilicholowa. Hicho ndicho utosi. Halafu mwite mtoto avute kizibo. Maji yanatoka, na kitambaa taratibu kinabonyea, kinaingia ndani. Kila mama aliyewahi kupapasa kichwa cha mtoto mchanga anajua anachokitazama. Ukitoboa na macho, unaona machozi yanakatika mapema kabisa. Kisha unauliza: turudishe maji kiasi gani? Watoto wenyewe watakujibu, kiasi kilekile kinachovuja, la sivyo kibuyu kitakauka.

Hapo hakuna haja ya kumkemea mtu. Kibuyu kimeshasema.

Ila kila mfano una mahali unapochechemea. Ukiona kibuyu kinavuja, wazo la kwanza ni kutafuta kizibo, na ndiyo maana mama anakimbilia duka la dawa kuuliza "kidonge cha kufunga tumbo". Usimpe mtoto hicho! Kuharisha kwingi huisha kwenyewe, kazi yako ni kujaza. Kibuyu pia hakisemi kwa nini maji matupu hayatoshi. Hapo mimi natumia mfano wa mlango: chumvi na sukari huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo kupitia mlango mmoja, na maji yanazifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hilo mwaka 1960.

Bangladesh wao walitumia mkono wenyewe kuwa kipimo. Kuanzia 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha: chumvi ya vidole vitatu, konzi ya sukari guru, nusu lita ya maji. Ndani ya miaka kumi walifikia zaidi ya kaya milioni 12. Mwalimu alilipwa kulingana na mama alivyokumbuka somo (ningependa kuona hilo likijaribiwa kwetu!). Mwanzoni akina mama walikariri vizuri lakini hawakutumia, kwa sababu hata baadhi ya walimu hawakuiamini dawa hiyo. Na waume walikuwa hawajaelezwa. Baba unayesoma hapa, umesikia.

Siku hizi vidole tumeviacha, vinakosea kipimo. Tumia pakiti ya ORS, soma imeandikwa maji kiasi gani. Nyingi ni lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita, maji safi na salama. Mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, akitapika subiri dakika kumi uendelee polepole. Titi usisimamishe. Ikifika saa 24 mwaga, tengeneza mpya. Zinki uliyopewa kituoni mmalizie siku zote ulizoambiwa, hata kama ameacha kuharisha.

Ukiona utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, anashindwa kunywa au kuna damu kwenye choo, usingoje asubuhi. Mbebe uende kituoni, na njiani endelea kumnywesha kama anaweza kumeza.

Sehemu ya 8 ni homa. Kama una kibuyu nyumbani, jaribuni na watoto Jumamosi, uniambie walijibu nini.