Utalii wa Jamii au Utalii Shirikishi?

Katika mkoa wa Luang Namtha, kaskazini mwa Laos, kuna msitu wa milimani uitwao Nam Ha. Ni hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 2,224, katika mkoa unaopakana na China na Myanmar. Ndani yake na kandokando yake wanaishi Wakhmu, Waakha, Walanten na makabila mengine madogo ambayo Kilao si lugha yao ya nyumbani. Mwaka 1999 UNESCO na mamlaka ya utalii ya Laos walianzisha huko mradi wa kuwafunza wanakijiji namna ya kupokea watalii wanaotembea msituni kwa miguu, wanaolala kijijini usiku mmoja au miwili kisha wakaendelea na safari. Mradi ule ukaja kuwa mfano unaotajwa kila mahali Asia ya Kusini-Mashariki.

Watu wa utalii wana istilahi moja ya Kiingereza kwa kazi ya namna hiyo, community-based tourism, nayo imeenea duniani pamoja na miradi yenyewe. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna majina manne hivi, na hatujakubaliana lipi lishike. Kuna utalii wa kijamii, utalii shirikishi, utalii wa jamii, na mara mojamoja utalii wa wenyeji. Majina haya hayawezi kubadilishana nafasi. Kila moja linampa mwanakijiji nafasi yake, na mwalimu anayekwenda kufundisha ataandaa somo kulingana na nafasi hiyo.

Tuanze na maana. Ufafanuzi ninaoupenda kuliko wote umo katika sheria ya Vietnam. Vietnam inatambua makabila 54. Wakinh peke yao ni takriban asilimia 85 ya watu wote, na makabila 53 yaliyobaki ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya wachache. Mengi kati ya hayo yako milimani, mahali ambapo watalii wanapenda kwenda. Sheria ya Utalii ya nchi hiyo ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika Januari 2018, inaufafanua utalii huu, unaoitwa kwa lugha yao du lịch cộng đồng, kuwa ni ule unaokuzwa juu ya tunu za utamaduni za jamii, na ambao wakazi wenyewe wanausimamia, wanauendesha na kunufaika nao. Vitenzi vitatu, mtendaji mmoja. Kijiji kinachonufaika bila kusimamia hakimo katika ufafanuzi huo, wala kijiji kinachopika na kufua huku ratiba na bei vikipangwa mjini.

Sasa jina. Utalii wa kijamii lisitumike, na sababu ni nyepesi. Kiambishi ki- hapo kinatupa sifa tu, kama katika mitandao ya kijamii au masuala ya kijamii. Hakisemi kitu ni cha nani. Zaidi ya hayo, kuna dhana nyingine yenye haki ya jina hilo: mpango wa kuwawezesha wafanyakazi na watu wa kipato cha chini kwenda likizo, uliokomaa Ulaya katika karne ya 20. Huo ndio utalii wa kijamii hasa.

Utalii shirikishi ni jina gumu zaidi kulikataa, kwa sababu linasikika vizuri na lina ndugu wengi. Tuna ulinzi shirikishi mitaani na usimamizi shirikishi wa misitu vijijini. Lakini tazama kitenzi kilivyoundwa. Mtu hushiriki jambo. Mwingine humshirikisha. Yeye hushirikishwa. Katika shirikisha lazima awepo mwenye jambo, ambaye kwa hiari yake anafungua mlango na kumwingiza mwenzake. Ndiyo maana ripoti zetu zimejaa ushirikishwaji wa jamii, nomino iliyobeba kauli ya kutendesha na ya kutendwa kwa pamoja, na ndani yake jamii imekaa kimya ikingoja kuitwa. Kwa msitu wa serikali jina hilo ni la haki: mwenye msitu ni serikali, kijiji kinashirikishwa. Kwa nyumba ya Mkhmu, chakula chake, njia aliyoifyeka babu yake na hadithi anazosimulia usiku, jina hilo linageuza mambo juu chini. Pale anayepaswa kushirikishwa ni kampuni ya utalii.

Tofauti hii inaonekana waziwazi darasani. Katika maandiko ya miradi mafunzo huitwa kuwajengea wanakijiji uwezo, kana kwamba mkufunzi anafika kwenye kiwanja kitupu. Mzee wa Kikhmu anajua machipukizi yapi ya mianzi yanaliwa, mti upi unatoa dawa, kijito kipi hufurika mvua zikianza. Huo ni uwezo, na ndio mtalii aliolipia nauli ya ndege kuufuata. Asichokijua mzee ni mgeni mwenyewe: kitu gani kitamuumiza tumbo, kwa nini anataka choo chenye mlango, kwa nini anapiga picha mtoto anayelia, na amelipa kiasi gani kule mjini.

Kwa hiyo somo la kwanza huwa la usafi na huduma ya kwanza. Maji yachemshwe, vyombo vioshwe hivi, jeraha lifungwe vile. Ni la lazima, na halichukui muda mrefu. Miradi mingi huishia hapo, ikaongeza tabasamu na salamu za Kiingereza, halafu vyeti vikagawiwa. Mafunzo ya namna hiyo yanatoa wahudumu. Wahudumu wazuri ni watu wa heshima, lakini sheria ya Vietnam haikusema wakazi watahudumu, ilisema watasimamia.

Somo linalofuata basi ni la fedha. Fedha anayolipa mtalii kwa safari ya siku mbili hugawanyika: kibali cha kuingia hifadhini, usafiri, ujira wa mwongozaji, chakula, malazi, mfuko wa kijiji, na sehemu ya ofisi iliyouza safari. Mwanakijiji anayeuona mgawanyo huo wote kwenye karatasi moja anaweza kuuliza kwa nini sehemu ya chakula ni ndogo kuliko ya gari. Asiyeuona atashukuru kwa alichopewa. Mafunzo yamfikishe mama anayepika mahali pa kusoma karatasi hiyo, au kusomewa kwa lugha yake, na kupinga hesabu asipoiridhia. Ndani ya kijiji nako kuna hesabu ya zamu: nani apike wiki hii, nani apokee wageni wiki ijayo, mjane asiye na nyumba kubwa atapata nini. Hapo mkufunzi kutoka nje hana cha kufundisha, na ni vyema akatoka nje akawaacha wakubaliane.

Lililo zito kuliko yote ni somo la kukataa. Katika njia za Nam Ha makundi ya watalii yaliwekewa ukomo. Matembezi hayakuruhusiwa kuwa na msafara wa watu arobaini wanaoingia kijijini kwa kishindo. Vijiji vya Waakha vina malango ya mbao mwanzoni mwa njia, yanayotenganisha makazi ya watu na ulimwengu wa mizimu, na mgeni haruhusiwi kuyagusa. Eneo hilo pia lina historia ya kasumba, yaani afyuni, na kwa miaka kadhaa vijana wasafiri wenye mikoba mgongoni walikuja wakiitafuta. Kumwambia mgeni anayelipa kwamba hapa hapaguswi na kitu hiki hapa hakipatikani kunahitaji mtu anayejua kwamba kijiji chote kiko nyuma yake. Ujasiri huo hujengwa katika mkutano wa kijiji, watu wakikubaliana kanuni zao kabla mgeni hajafika.

Lugha ya mafunzo nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kikhmu ni lugha ya familia moja na Kivietnam na Kikhmer. Kiakha ni jamaa wa Kiburma na Kitibeti. Kilao kiko mbali na zote mbili. Kozi ikifundishwa kwa Kilao, wanaoielewa vizuri ni wanaume waliosoma shule au waliowahi kufanya kazi mjini. Wanawake wazee, ambao ndio walinzi wa ufumaji na upishi, hukaa nyuma. Na kwa kuwa kikundi cha watalii hupewa mwongozaji kutoka mjini mwenye kujua Kiingereza, pamoja na mwenzake wa kijijini anayejua njia, ni rahisi ujira mkubwa ukabaki kwa yule wa kwanza, ingawa wa pili akikosekana hakuna safari. Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda Laos kulielewa hili. Anajua ilivyo kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao lugha yao haina jamaa wa karibu, na ambao huelezwa kwa watalii kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kuna uhusiano wa moja kwa moja pia kati ya Tanzania na nchi hizo. SNV, shirika la Kiholanzi ambalo katika miaka ya 1990 lilisaidia kuanzisha mpango wa utalii wa utamaduni kaskazini mwa Tanzania, katika maeneo kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu, lilikuja kufanya kazi ya utalii vijijini Laos na Vietnam vilevile. Jina tulilolipa mpango ule, utalii wa utamaduni, limebaki, na si baya. Lakini linataja kinachotazamwa na kumnyamazia mwenye nacho. Mjini Sa Pa, Vietnam, utamaduni wa Wahmong na Wadao umepamba mabango kwa miongo kadhaa, ilhali hoteli nyingi ni za watu waliotoka nyanda za chini.

Nachagua utalii wa jamii. Najua udhaifu wake: -a unganifu ina maana nyingi. Hifadhi ya jamii kwa mtu wa mifuko ya pensheni ni mafao ya uzeeni, na kwa mtu wa wanyamapori ni eneo linalotunzwa na vijiji. Mtu anaweza kusikia utalii wa jamii akadhani ni kwenda kuitazama jamii. Hata hivyo maana ya umiliki ipo, tena imekwisha kupata nguvu ya sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina ardhi ya umma, ardhi ya watu binafsi na ardhi ya jamii. Katika safu hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ya jamii maana yake ni ya kutazama jamii. Istilahi ikikaa karibu na ardhi ya jamii, itaazima maana yake.

Utalii wa wenyeji ungenivutia zaidi kwa moyo. Mwenyeji ni mwenye mji, na ni neno lilelile la anayepokea mgeni. Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha mambo hayo mawili. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone walikuwa wamekwisha kueleza faida inapaswa kumfikia nani. Tatizo ni kwamba sikio la leo litasikia wananchi wanaotalii nchini mwao, yaani utalii wa ndani. Basi neno mwenyeji libaki kwa mtu, na malazi ya kulala nyumbani mwake tuyaite malazi kwa mwenyeji, yawe ni sakafu ya mianzi Luang Namtha au nyumba ya nguzo ya Wathai Weupe katika kijiji cha Lác, Mai Châu.

Jina pekee halilindi kitu. Katika miaka ya 2000 mashamba ya mpira yalienea kwa kasi Luang Namtha, soko likiwa China, na mahali palipokuwa na msitu pakawa na mistari ya miti ya aina moja. Hata kijiji kiwe kimefunzwa vizuri namna gani, hakiwezi kuendesha matembezi ya msituni kama hakina sauti juu ya msitu. Kwa sababu hiyo napendekeza mfasiri anapofika kwenye mkataba asiridhike na jamii tupu, kwani jamii haina muhuri wala akaunti. Aandike chombo chenyewe. Tanzania ni halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji. Kenya ni jamii iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyokuja kushika nafasi ya ranchi za vikundi. Il Ngwesi, kule Laikipia, Wamaasai walifungua loji yao mwaka 1996 wakiwa na ranchi ya kikundi ya namna hiyo, na mtu aliyetaka kujenga au kukodi alijua wa kuzungumza naye. Laos ni mkuu wa kijiji, nai ban, pamoja na kamati inayoshika mfuko. Na mafunzo ya kwanza ya kamati hiyo yawe kuusoma mkataba huo wote, kwa lugha wanayoota kwayo, kabla ya yeyote kutia sahihi.