Jina kwenye ukingo wa picha

Chukua picha ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ile ya rangi ya chai iliyobandikwa juu ya kadi ngumu. Kabla hujayaangalia majahazi bandarini, shusha jicho mpaka ukingo wa chini. Jina utakalolikuta pale mara nyingi ni Gomes. Fungua sasa albamu ya miaka ya hamsini, ya maarusi na watoto waliovishwa nguo za Idi, ugeuze picha nyuma. Huenda ukakuta muhuri wa Capital Art Studio, yaani Oza. Koo mbili zilizovuka bahari kutoka India, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kwa macho kuhusu Unguja ya jana imepita mikononi mwao.

A. C. Gomes alikuwa Mgoa. Alifungua studio yake Unguja katika karne ya 19, akafungua na tawi Dar es Salaam, kisha kazi ikashikwa na mwanawe, P. F. Gomes. Jina lenyewe lina safari ndefu kuliko ya mwenyewe. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na waliobatizwa wakapewa majina ya Kireno, mara nyingi jina la padri aliyewabatiza au la msimamizi wao wa ubatizo. Kwa hiyo Gomes mmoja na mwingine wanaweza wasiwe na hata tone moja la damu ya pamoja. Nawakumbusha hili wanaokusanya picha za kale, maana wapo wanaomfanya kila Gomes wa mwambao kuwa mtoto wa mpiga picha. Wagoa wa Unguja walikuwa washoni, wapishi, waoka mikate, makarani na wapiga muziki, na Jumapili wakikutana kwenye kanisa la Minara Miwili, Shangani. Majina yao yalikuwa yakijirudia mtaa mzima.

Jina lilifikaje kwenye picha? Siku hizo picha ilinaswa kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa. Bamba likishasafishwa, fundi aliandika kwa wino mzito kwenye kona ya kioo. Wino ule ulizuia mwanga usifike kwenye karatasi, ndiyo maana maandishi yanatoka meupe. Na kwa kuwa uso wenye dawa ndio uliolalia karatasi, ilimbidi aandike kinyumenyume, kama mtu anayejisoma kwenye kioo cha kunyolea. Ukiona herufi moja imepinda au imegeuka, usimcheke.

Shida ya jina la ukoo ni kwamba halina tarehe. Baba anaondoka, mwana anabaki, duka ni lile lile na jina ni lile lile. Bamba la baba linaendelea kuchapwa na kuuzwa wakati mwana naye anapiga yake. Hapo mtu huacha kusoma maandishi akaanza kusoma majengo. Mimi hutafuta mnara. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, ilijengwa mwaka 1883, na mbele yake, karibu na pwani, ulisimama mnara wa taa peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Sultani mizinga kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule ukaharibiwa. Baadaye ukajengwa mnara wa saa ulioshikana na Beit al-Ajaib yenyewe, ndio tulioukuta sisi, mpaka ulipoanguka pamoja na sehemu ya jengo Desemba 2020. Basi mnara ukiwa mzima na umejitenga, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiwa umeshikana na jumba, ni ya baada. Mwenye jicho la nguo hutazama kanga: ikiwa na maneno, huenda hatuko tena karne ya 19.

Ranchhod Oza, Mgujarati, alijifunza kazi kwenye studio ya Gomes kabla ya kufungua yake, Capital Art Studio, mwaka 1930. Hivyo koo hizi mbili hazikuungana kwa damu wala kwa dini, ziliunganishwa na chumba cha giza. Oza alimpiga picha Sultan Khalifa bin Harub, akapiga mitaa, madau na sherehe. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya India wakahama visiwani. Studio ya Oza ilibaki, na mwanawe Rohit akaja kuirithi. Picha za baba zikaendelea kuuzwa kwa wageni pale Mji Mkongwe.

Nyingine zimekwenda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960, na Gomes yumo. Utampata kwa jina lake. Yule aliyekaa kitini mbele ya kamera yake hutampata. Kwenye postikadi aliandikwa tu “mwanamke wa Kiswahili”, au kabila, au kazi yake: mchukuzi, muuza maji.

Wengine husema ni dharau tu ya wakoloni, na dharau kweli ilikuwepo. Lakini kuna jambo jingine dogo ambalo halisemwi sana. Makabati ya maktaba za Ulaya na Marekani yamepangwa kwa jina la ukoo, na mtu wa pwani wa kawaida hakuwa nalo. Alikuwa fulani bin fulani, au binti fulani. Jina la baba, kisha la babu, na kila kizazi mnyororo unasogea pete moja. Jina kama hilo hata lingeandikwa, karani angelitia kwenye herufi gani?

Nyumbani mambo ni mengine. Picha kama hizo bado zinaning’inia sebuleni, zimeliwa na unyevu pembeni, pale pale penye jina la studio. Muulize bibi mwenye nyumba nani huyu. Gomes hamtaji, Oza hamtaji. Anaanza na aliyekaa kitini: binti wa nani, kaolewa wapi, na yule mtoto aliyetikisika akatoka na sura mbili alikuwa nani, na kwa nini hakutulia.