Mafuta Kwenye Karatasi: Risasi Iliyoitikisa India Mwaka 1857

Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kuvuka mipaka ya nchi kavu. Leo tuvuke bahari. India ni jirani yetu wa ng'ambo: kwa karne nyingi majahazi yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi. Kisa cha leo kinahusu jambo dogo, yaani mafuta yaliyopakwa kwenye risasi. Lakini ndani yake limo somo kubwa la uraia.

Tuanze na maneno. Neno risasi lina maana mbili: madini mazito na laini yenye rangi ya kijivu, na pia kile kinachotoka katika bunduki. Maana hizo mbili ni ndugu, kwa sababu zamani risasi za bunduki zilisubiwa kwa madini hayo. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu ili yapate umbo. Bunduki inayoshindiliwa kwa kupitia mdomoni huitwa gobori, bomba lake huitwa kasiba, na ufito wa kushindilia huitwa mdeki. Yashike maneno hayo, tutayahitaji.

Msubuji wa risasi alikabiliwa na maswali mawili: risasi iwe na unene gani, na ipakwe mafuta gani? Ndani ya kasiba ya bunduki iliyo bora palichongwa mifereji myembamba inayozunguka kama ya parafujo, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda mbali bila kuyumba. Risasi nene ilishika mifereji vizuri, lakini kuishindilia kulikuwa kazi ngumu. Risasi nyembamba iliingia kwa urahisi, lakini nguvu ya baruti ilipita pembeni yake. Zaidi ya hayo, baruti ya zamani iliacha masizi magumu, na kila mlio uliufanya mlio uliofuata kuwa mgumu zaidi. Mafuta yaliyalainisha masizi hayo.

Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitengeneza risasi yenye shimo kitakoni. Ilikuwa nyembamba wakati wa kushindiliwa, kisha ikapanuka kwa nguvu ya baruti na kuibana mifereji. Waingereza walilifuata wazo hilo katika bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853. Kasiba ilikuwa na upana wa milimita 14.7 hivi, na risasi milimita 14.4. Nafasi ndogo iliyobaki ilijazwa na karatasi iliyopakwa mafuta. Baruti na risasi vilifungwa pamoja katika karatasi hiyo. Askari aliing'ata ncha kwa meno, akamimina baruti, kisha akaisukuma risasi kwa mdeki pamoja na karatasi yake.

Sasa fikiri, msomaji. Kilichopakwa pale kilikuwa shahamu ya mnyama iliyochanganywa na nta. Mnyama gani? Hakuna aliyehakikisha. Na waliotakiwa kuing'ata karatasi hiyo walikuwa askari wa Kihindi wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, Wahindu kwa Waislamu. Kwa Mhindu, ng'ombe ni mtakatifu. Kwa Mwislamu, nguruwe ni haramu. Askari wa tabaka la juu aliyenajisika angeweza kutengwa na jamaa zake mwenyewe.

Je, wakubwa hawakuonywa? Walionywa. Shehena ya kwanza ya risasi hizo ililetwa India mwaka 1853 kwa majaribio. Mwaka huohuo ofisa mmoja mkuu wa jeshi la Bengal, Kanali Tucker, aliandika kwamba zisigawiwe kwa askari wa Kihindi mpaka ijulikane kuwa mafuta yake hayaudhi imani zao. Onyo lake halikufuatwa. Majaribio yaliyofanywa yalitazama jambo moja tu: je, mafuta yanastahimili joto la India? Yalipimwa mbele ya jua, hayakupimwa mbele ya watu.

Januari 1857 uvumi ulizuka Dum Dum, karibu na Calcutta, kwamba risasi mpya zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Serikali ilijibu upesi: risasi zitolewe bila mafuta, na askari wajipakie wenyewe mchanganyiko wanaoupenda. Baadaye waliruhusiwa pia kuichana karatasi kwa mkono badala ya kuing'ata. Lakini wengi waliuliza: kama hapakuwa na ubaya, kwa nini mnabadilisha? Dawa ile ile iliyokusudiwa kuponya ikawa ushahidi wa ugonjwa.

Aprili mwaka huo, mjini Meerut, askari 85 wa kikosi cha farasi walikataa risasi walizopewa, ingawa hizo zilikuwa za aina ya zamani waliyoizoea. Walihukumiwa kifungo na kazi ngumu, wengi wao miaka 10, na tarehe 9 Mei wakafungwa pingu mbele ya wenzao wote. Kesho yake, Jumapili, wenzao waliasi, wakawafungua, wakaenda Delhi. Vita vilivyofuata viliua maelfu kwa maelfu, askari na raia, wa pande zote mbili. Mwaka 1858 utawala wa Kampuni ulifutwa, na India ikawekwa chini ya Malkia wa Uingereza.

Usidhani kwamba mafuta peke yake yaliwasha moto huo. Kampuni ilikuwa imeutwaa ufalme wa Awadh mwaka 1856, na mwaka huohuo ikatunga sheria ya kuwalazimu askari wapya kukubali kutumikia hata ng'ambo ya bahari. Manung'uniko yalikuwa yamejaa kama baruti katika kasiba. Karatasi ile ilikuwa cheche tu.

Baadaye mafundi waliipunguza risasi hadi milimita 14.0 hivi, nayo nta ikaongezwa katika mafuta kwa kuwa shahamu iliyeyuka kwa joto. Risasi ikaingia kwa urahisi. Angalia basi: njia nyingine ilikuwepo, na ilihitaji tu mtu wa kuuliza mapema.

Hapa ndipo ulipo uraia. Uamuzi wa kitaalamu huonekana kuwa wa mafundi peke yao, lakini ukimgusa mtu mwilini au katika imani yake, yeye ana haki ya kuulizwa kabla, wala si kuelezwa baadaye. Kamati ya shule inapochagua mafuta ya kupikia chakula cha wanafunzi wa dini mbalimbali, inasimama palepale aliposimama yule aliyechagua shahamu ya Enfield. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mwaka 1853 ulikuwa barua moja isiyojibiwa.

Kwa kazi ya nyumbani, andika aya moja ukijibu swali hili: kwa nini kurekebisha kosa hakukutosha kurudisha imani ya askari? Tumia maneno haya matatu: uvumi, ushirikishwaji, na kuaminiana.