Taa ya gari, kontena na plastiki ya mapovu

Jamani, mwezi uliopita taa ya mbele niliyoagiza kutoka Japani ilifika Nairobi imepasuka. Muuzaji aliifunga kwa magazeti tu! Nikaanza kuchimba: ni nani aliyetuwezesha kusafirisha vitu kama hivi kwa bei nafuu?

Kwanza ni kontena. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean, aliyeanzia kwenye biashara ya malori, alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Gharama ya kupakia tani moja ilishuka kutoka dola 5.83 hadi chini ya senti 16. Makuli hawakubeba tena sanduku mojamoja, na mizigo kuvunjika au kuibiwa bandarini kukapungua.

La pili litawafurahisha wapenzi wa kompyuta. Mwaka 1957 Alfred Fielding na Marc Chavannes walitengeneza plastiki yenye mapovu ya hewa, wakitaka iwe karatasi ya kupamba ukuta. Haikuuzika. Ilipata kazi yake pale IBM ilipoitumia kufungia kompyuta zake za 1401.

Kumbe kontena hupunguza nauli, lakini halizuii mtikisiko ndani ya boksi. Ukiagiza taa, lipia mapovu. Mimi nimenunua taa moja mara mbili.