Kukimbia kila siku: Je, mbio huchakaza magoti kadiri umri unavyosonga?

Jumapili mbili kila mwezi, baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari asubuhi na kuachiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wakimbiaji. Utaratibu huo ulioanza mwaka 2016 huwakutanisha vijana na wazee, na wapo wanaotumia fursa hiyo kupimwa shinikizo la damu na kisukari papo hapo. Hata hivyo, si kila aliyevuka umri wa miaka 50 huthubutu kukimbia. Wengi wameonywa na jamaa na majirani kwamba mbio "humaliza mafuta ya magoti".

Onyo hilo husikika pia Bujumbura, Kampala, Goma na Dar es Salaam, na lina gharama yake. Anayeacha mbio kwa hofu ya magoti mara nyingi huacha mazoezi yote. Uzito huongezeka, misuli ya mapaja hulegea, shinikizo la damu hupanda, na hatimaye magoti aliyokusudia kuyalinda huanza kuuma. Kwa kuwa upasuaji wa kuweka goti la bandia ni ghali na haupatikani katika hospitali nyingi za ukanda huu, kujua lipi ni kweli na lipi ni dhana katika suala hili ni jambo la manufaa kwa kila familia.

Goti lilivyoumbwa

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na lenye utelezi linalozuia mifupa isisuguane. Kati ya paja na muundi kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, ambavyo hupunguza mshindo wa kila hatua. Kiungo chote kimezungushiwa utando unaotoa ugiligili wa kulainisha. Ugiligili huo ndio ambao watu huuita mafuta ya magoti.

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka katika ugiligili unaolizunguka, kama sifongo inavyofyonza maji: likibanwa, majimaji hutoka, likiachiwa, hurudi yakiwa na virutubisho. Kwa hiyo mwendo haumalizi mafuta ya goti. Mwendo ndio unaoyasambaza, na goti linalokaa bila kutumika hukosa lishe hiyo.

Goti si tairi la gari linalopungua kwa kila kilomita. Ni kiungo hai ambacho hujizoeza mzigo, ilimradi mzigo uongezwe kwa kiasi na kiungo kipewe muda wa kujijenga.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walianza kufuatilia wanachama wa klabu ya wakimbiaji waliokuwa na umri wa miaka 50 au zaidi, wakiwalinganisha na watu wa rika lao wasiokuwa na mazoea ya kukimbia. Ufuatiliaji uliendelea kwa takriban miongo miwili. Kufikia mwisho wake, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki dunia, ikilinganishwa na asilimia 34 ya kundi la pili. Ulemavu wa uzeeni, kama vile kushindwa kutembea au kuinuka kitini bila msaada, uliwafikia wakimbiaji miaka mingi baadaye kuliko wenzao.

Kundi dogo kati yao lilipigwa picha za eksirei za magoti kwa nyakati tofauti kati ya 1984 na 2002. Dalili za kusagika kwa gegedu zilionekana kwa asilimia 20 ya wakimbiaji na asilimia 32 ya wasiokimbia. Idadi ya waliopigwa picha haikufika 100, kwa hiyo matokeo hayo peke yake hayatoshi kuthibitisha kwamba mbio hulinda magoti. Lakini hayakuonyesha uharibifu ambao wengi waliutarajia.

Uchambuzi mpana zaidi ulichapishwa mwaka 2017, ukijumlisha tafiti zilizohusisha zaidi ya watu 100,000. Kusagika kwa nyonga au magoti kulionekana kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa ajili ya afya na burudani, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanamichezo wa mashindano ya juu. Ni kweli kwamba mtu mwenye magoti mabovu huenda asianze kabisa kukimbia, jambo linaloweza kuchangia tofauti hiyo. Hata hivyo, hata kwa tahadhari hiyo, takwimu hizo zinapingana na dhana kwamba mbio za kawaida huharibu goti lenye afya. Mazoezi makali ya kiwango cha mashindano, yakiendelezwa kwa miaka mingi, ni suala tofauti.

Wanaopaswa kujihadhari

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusagika kwa viungo mwaka 2019, na goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi. Takriban asilimia 60 ya wagonjwa hao ni wanawake. Miongoni mwa mambo yanayouchochea ni umri, unene uliopita kiasi, urithi wa kifamilia, kazi za kubeba mizigo mizito au kuchuchumaa kwa muda mrefu, na jeraha la zamani la goti.

Jeraha la zamani lisipuuzwe. Aliyewahi kuchanika kano au gegedu la goti akicheza kandanda ujanani, au aliyeumia katika ajali ya pikipiki, anabeba hatari kubwa zaidi hata kama maumivu yalikwisha kitambo. Mtu huyo amwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuanza mbio.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wazee wanene wenye magoti yanayouma ulibaini kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza takriban kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Kwa mwenye uzito mkubwa, kuanza kwa kutembea haraka kwa miezi michache ni njia salama kuliko kukimbia moja kwa moja.

Je, ni lazima iwe kila siku?

Mfano maarufu wa mtu aliyekimbia kila siku ni Ron Hill wa Uingereza, bingwa wa mbio za marathon za Boston mwaka 1970. Kuanzia tarehe 20 Desemba 1964 hadi tarehe 28 Januari 2017 hakuacha kukimbia hata siku moja: zaidi ya miaka 52. Kiwango chake cha chini kilikuwa maili moja, yaani kilomita 1.6. Alikimbia hata baada ya kuvunjika mfupa wa kifua katika ajali ya gari mwaka 1993. Kilichomsimamisha, akiwa na miaka 78, hakikuwa magoti bali maumivu ya moyo.

Habari ya Hill inastaajabisha, lakini si ya kuigwa yote. Kukimbia ukiwa umevunjika mfupa si afya. Funzo lililo salama ni lile la kiasi: kwa mtu mwenye umri mkubwa, maili moja ya taratibu huweza kutosha kwa siku, na si lazima kila siku ilingane na iliyotangulia.

Misuli, kano na mifupa hujijenga upya wakati wa mapumziko, na kadiri umri unavyosonga kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Kijana anaweza kuwa tayari kesho yake; mwenye miaka 60 huenda akahitaji siku mbili. Kwa sababu hiyo, wataalamu wengi humshauri mtu wa makamo anayeanza akimbie siku tatu au nne kwa wiki na kujaza siku nyingine kwa kutembea, kuendesha baiskeli au kuogelea. Mazoea ya kila siku hayavunjiki. Kinachobadilika ni namna ya mazoezi.

Ushauri huo unaendana na mwongozo wa WHO wa mwaka 2020. Mwongozo huo unapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Waliotimiza miaka 65 huongezewa mazoezi ya uwiano wa mwili, ili kuzuia kuanguka.

Namna ya kuyalinda magoti

Anza kwa kuchanganya. Tembea dakika nne, kimbia dakika moja, rudia mara tano. Ongeza dakika za kukimbia wiki hadi wiki. Majeraha mengi hutokana na pupa: kurukia ghafla umbali ambao mwili haujauzoea, hasa baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi.

Imarisha mapaja na makalio. Misuli ya paja hupokea sehemu ya mshindo kabla haujafika kwenye goti. Kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu mara 10, kupanda ngazi taratibu, na kuinuka kwa vidole vya miguu ni mazoezi yasiyohitaji vifaa.

Fupisha hatua. Anayerusha mguu mbali mbele hulitwika goti mzigo mkubwa. Hatua fupi na za mara kwa mara zaidi, kwa mwendo uleule, hupunguza mzigo huo.

Chagua njia. Barabara ya udongo iliyo sawa huupa mguu nafuu, lakini yenye mashimo na mawe huleta hatari ya kuteguka. Katika miji ya milima kama Kigali na Bujumbura, mteremko huumiza goti zaidi kuliko mpando. Ni busara kuushuka kwa kutembea.

Angalia viatu. Visiwe vya kubana, wala visiwe vimelika soli upande mmoja. Kwa viatu vya mtumba, ikunje soli kabla ya kununua: iliyopasuka au kukauka haitapunguza mshindo.

Maumivu yanaposema

Uchovu wa misuli unaotoweka baada ya siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu madogo ya goti yasiyoongezeka wakati wa kukimbia, na yanayoisha ndani ya saa 24, ni ishara ya kupunguza mwendo au umbali, si lazima kuacha kabisa.

Lakini kuna dalili zinazohitaji hospitali: goti linalovimba, linalokwama lisikunjuke, linalolegea ghafla wakati wa kutembea, au linalouma usiku hata ukiwa umelala. Goti jekundu na la moto, hasa likiambatana na homa, ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa ili kuendelea kukimbia ni ya hatari. Dawa hizo huficha onyo la mwili, na matumizi ya muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo, hususan kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Vilevile, mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari, au anayesikia kifua kubana apimwe kwanza.

Kwa aliye mzima na mwenye subira, umri pekee si sababu ya kubaki pembeni mwa barabara Jumapili asubuhi. Anaweza kuanza kwa kutembea, na goti lake litamwonyesha lini aongeze mwendo.