Kutoka ndiva hadi Planck

Katika Milima ya Pare, kuanzia Ngujini hadi vijiji vilivyo juu ya Same, maji ya shamba yalipimwa kwa ndiva. Ni bwawa dogo ambalo kijito hulijaza usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, maji yakateremka mferejini, na likikauka zamu imekwisha. Lita ya nini hapo? Usiku mmoja na bwawa moja vilitosha. Ila ndiva ya kijiji kimoja haikuwa sawa na ya kijiji jirani.

Pwani nako watu walipima nguo kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na nafaka kwa pishi yenye vibaba vinne. Mkono wa nani, basi? Kibaba cha nani? Mwenye kipimo ndiye mwenye bei. Wakulima wetu wanaijua dhuluma hiyo hadi leo katika lumbesa, gunia linalorundikwa hadi kupita mdomo wake lakini likalipwa kama gunia moja. Linaniuma kila nikiliona.

Kilo ilikuja kama dawa ya ugonjwa huo. Mwaka 1889 pande la platini na iridi, lenye urefu na upana wa milimita 39, liliwekwa Sèvres, karibu na Paris, likatangazwa kuwa ndilo kilo. Baada ya miaka mia hivi likapimwa pamoja na nakala zake: zilikuwa zimeachana kwa takriban mikrogramu 50. Kipi kilikuwa kimebadilika? Kisheria, pande lile halikuweza kukosea hata lingechubuka. Dunia nzima ilikuwa bado inapimia kibaba cha mtu mmoja.

Njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa mwaka 1899 huko Berlin. Mwanafizikia Max Planck alitaka vizio vitokane na kasi ya mwanga, nguvu ya uvutano na namba nyingine chache za maumbile ambazo hazina mwenyewe. Mwaka 1983 mita ikafungwa kwenye mwanga, unaokwenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Tarehe 20 Mei 2019 kilo nayo ikafungwa kwenye namba ya Planck, mojawapo ya namba hizo za maumbile, na pande la Sèvres likavuliwa cheo.

Vizio vya Planck mwenyewe havifai sokoni. Kizio chake cha urefu ni kidogo kuliko kiini cha atomu mara mabilioni ya mabilioni. Kizio chake cha uzito, mikrogramu 22 hivi, kinakaribia punje moja ya mchanga laini, kama ule unaobaki chini ya ndiva maji yakishateremka.