Nafsi ya Muuaji katika Riwaya ya Mauaji ya Kimbari

Mwaka 1998, mradi wa Fest'Africa uliwapeleka waandishi wa Kiafrika nchini Rwanda kuandika kuhusu mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Mmoja wao, Boubacar Boris Diop wa Senegali, alichapisha *Murambi, le livre des ossements* mwaka 2000. Humo, Faustin Gasana wa Interahamwe anajisimulia kwa nafsi ya kwanza, kama binadamu anayepanga wala si zimwi. Hata hivyo, hasemi peke yake: Michel Serumundo, Mtutsi mwenye duka la video, hutangulia kusimulia. Katika mitaa kama Kibagabaga, jijini Kigali, ambako manusura na waliomaliza vifungo huweza kuwa majirani, mpangilio huo ni muhimu. Sura ya Gasana ikifundishwa bila nyinginezo, muuaji ndiye atakayebaki na neno la mwisho.